Sura ya Saba: Baada ya Bwawa la Mwisho

Kusafisha majitaka ni kazi ambayo wahandisi wameizoea. Vitabu vyake vipo, vipimo vyake vinajulikana, na fundi aliyesomea anaweza kukuambia bwawa liwe na kina gani na maji yakae humo siku ngapi. Kazi inayobaki ni ile isiyo na kitabu: maji yakishasafishwa, yaende wapi? Hapo ndipo madiwani, wakulima na wavuvi wanapoanza kukunjiana nyuso, kwa sababu kila bomba lina mwisho, na mwisho wa bomba ni mlangoni kwa mtu.

Jiji kubwa la pwani linaweza kuyasukumia baharini likajifanya halioni. Mji mdogo wa bara hauna nafasi hiyo. Tuuchukue mji wa Moshi, wenye wakazi zaidi ya laki mbili kwa sensa ya 2022, tuone njia ulizo nazo. Si kwamba Moshi ina shida kuliko miji mingine. Ni kwamba kwa Moshi kila njia inaonekana wazi, kuanzia mlimani hadi bondeni.

Mji umekaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Nyumba nyingi bado zinategemea vyoo vya shimo na makaro, lakini majitaka ya zile zilizounganishwa na mtandao wa mabomba huteremka kuelekea kusini hadi mabwawa ya kutibu majitaka yaliyopo Mabogini. Kando ya mabwawa hayo yanaanza majaruba ya mpunga. Mbele zaidi ni uwanda wa Kahe na mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani unashuka hadi Bahari ya Hindi. Tone linaloachiwa Mabogini lina safari ndefu, na njia nzima imejaa watu wanaolisubiri.

Kwanza ijulikane nini kinatoka

Ukikinga glasi kwenye mlango wa bwawa la mwisho la mfumo wa aina hii, utaona maji ya kijani. Wengi hushtuka wakadhani hayajasafishwa. Ukijani huo ni mwani, vimea vidogo vinavyoota kwa jua na kutoa hewa ya oksijeni inayowasaidia bakteria kula uchafu. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, halina hewa, na uchafu mzito hutuama humo. La pili ni pana zaidi na hufanya kazi kubwa ya kumeng'enya. Yanayofuata ni mafupi kwa kina ili jua lipenye hadi chini na kuua vijidudu. Mfumo mzima hauhitaji umeme wala dawa. Unahitaji ardhi, jua, na mtu wa kuondoa tope kila baada ya miaka kadhaa.

Mabwawa yakitunzwa vizuri huondoa sehemu kubwa ya uchafu unaooza, mayai ya minyoo ambayo ni mazito na hutuama, na vijidudu vingi vya maradhi. Yasichoondoa vizuri ni chumvi, fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea. Hili la mbolea ndilo litakaloamua mambo mengi huko mbele. Maji yanayotoka si sumu, wala si maji safi. Ni maji yenye mbolea na masalia ya vijidudu, yanayotoka kila siku, Jumapili na sikukuu, masika na kiangazi.

Ili tusibishane hewani, tuweke hesabu. Tuseme mji wetu unatoa mita za ujazo 4,000 kwa siku. Nimechagua namba hiyo kwa sababu ni rahisi kuigawa, na ni ya kiwango ambacho mji mdogo wenye mtandao wa mabomba unaweza kukifikia. Hizo ni lita 46 kila sekunde, bila kukatika.

Njia ya kwanza: mto

Hii ndiyo njia ya kimya kimya, inayochaguliwa na miji mingi kwa sababu haihitaji kikao. Nchini Tanzania inahitaji kibali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, anayetaka kutiririsha majitaka kwenye mto huomba ruhusa kwa bodi ya maji ya bonde husika, ambayo kwa Moshi ni ya Bonde la Pangani. Kanuni za mazingira za 2007 zinaweka viwango: uchafu unaooza, unaopimwa kwa oksijeni inayotumiwa na vijidudu kwa siku tano, usizidi miligramu 30 kwa lita.

Kiwango hicho kinafariji kuliko inavyostahili. Mto wenye lita 1,000 kwa sekunde wakati wa masika, wenye uchafu wa miligramu 2 tu, ukipokea lita zetu 46 zenye miligramu 30, mchanganyiko utakuwa na kama miligramu 3. Samaki hatajua. Sasa uchukue mto huohuo kiangazi, umebaki na lita 100 kwa sekunde kwa sababu wakulima wa juu wameshachepusha maji yao. Mchanganyiko unapanda hadi karibu miligramu 11, na karibu theluthi ya mto inakuwa ni maji ya mji. Mamlaka ya maji ya mji haijavunja kanuni yoyote. Kipimo cha mlangoni bado ni 30. Kilichobadilika ni mto.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mhandisi anayeleta mpango wa mto si "maji yetu ni safi kiasi gani?" bali "mto unabaki na maji kiasi gani katika mwezi mkavu kuliko yote, na nani anayachota chini yetu?" Mito ya mteremko wa Kilimanjaro inagawanywa tangu zamani. Wachaga walichimba mifongo ya kupeleka maji vihambani vizazi vingi kabla ya bodi yoyote kuundwa. Maji yanayofika uwandani ni yale yaliyonusurika.

Tena mbolea haipotei kwa kuingia mtoni. Inasafiri. Ikifika mahali maji yanapotulia, inalisha mwani na magugu. Kwa Moshi mahali hapo ni Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, lenye mtambo wa umeme wa megawati 8 na wavuvi wanaoishi kwa perege. Mbolea kidogo hunenepesha samaki. Ikizidi, mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni usiku na samaki huelea. Mji mmoja wa ukubwa wa Moshi hautalimaliza bwawa kama hilo, lakini si mji peke yake unaomwaga mbolea katika bonde hilo. Yapo mashamba pia.

Nakuru, nchini Kenya, inaonyesha njia hii inavyofika mwisho wake. Maji yaliyotibiwa ya mji ule huelekea Ziwa Nakuru, lililomo ndani ya hifadhi ya taifa na lililoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 1990. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki, isipokuwa maji yanayopaa kwa jua. Katika miaka ya ukame, maji ya mji yamekuwa miongoni mwa machache yanayoingia ziwani bila kukatika. Halafu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa likapanda, likameza barabara na lango kuu la hifadhi. Chombo kilekile kilichohitaji maji ya mji kikawa hakina pa kuyaweka. Mji uliojenga mipango yake juu ya hali moja ya ziwa umeonja zote mbili ndani ya kizazi kimoja.

Njia za pembeni: jua, ardhi na bomba refu

Wapo wanaosema: msimpe mtu, yakausheni tu kwa jua. Hesabu inawakatisha tamaa. Mita za ujazo 4,000 kwa siku ni milioni 1.46 kwa mwaka. Tukikadiria kwamba jua linachukua kina cha mita moja zaidi ya mvua inayonyesha, tunahitaji mabwawa ya hekta 146, kama viwanja 200 vya mpira, kwa kazi ya kupoteza maji katika uwanda ambao watu wanayagombania.

Kuyazamisha ardhini kunavutia zaidi, kwani udongo ni chujio zuri la vijidudu. Lakini naitrojeni hugeuka naitreti, na naitreti hushuka na maji hadi kwenye visima. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaweka mpaka wa miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga. Penye visima vya kunywa karibu, njia hii ni kamari.

Bomba refu lina hadithi zake. Mji wa Santa Rosa, jimboni California, tangu 2003 umekuwa ukisukuma maji yake yaliyotibiwa kwa bomba la maili 41 hadi kwenye visima vya mvuke vya The Geysers, yanakoingizwa ardhini yakatoke tena kama mvuke wa kuzalisha umeme. Windhoek, nchini Namibia, tangu 1968 imekuwa ikiyasafisha maji yake hadi kuyarudisha kwenye mabomba ya kunywa. Yote mawili ni mafanikio ya kweli. Yote mawili pia yanadai pampu, umeme, maabara na mafundi kila siku ya mwaka. Mji ambao mamlaka yake ya maji inahangaika na bili ya umeme ya kusukuma maji safi usianze na pampu za majitaka.

Njia ya pili: kinamasi

Katika miaka ya 1970 mji mdogo wa Arcata, kaskazini mwa California, ulikuwa unatibu majitaka yake na kuyaachia katika ghuba ya Humboldt. Mwaka 1974 serikali ya jimbo ilitoa sera ya kuzuia utiririshaji wa aina hiyo kwenye ghuba, isipokuwa kwa mji unaoweza kuonyesha kwamba maji yake yanainufaisha ghuba yenyewe. Mpango uliopendekezwa ulikuwa mtambo mmoja wa pamoja kwa miji ya eneo hilo na bomba la kutolea maji bahari kuu. Gharama yake iliwatisha watu wa Arcata.

Mji ukakishika kifungu kile cha "isipokuwa". Pale chuo kikuu cha Humboldt walikuwapo George Allen, mtaalamu wa samaki aliyekuwa tayari anakuza samoni wachanga katika mchanganyiko wa maji ya bahari na majitaka yaliyotibiwa, na Robert Gearheart, mhandisi wa mazingira. Walipendekeza maji yapitishwe kwenye vinamasi vilivyopandwa mimea, katika eneo la ufukweni lililokuwa limechakaa, lenye dampo la zamani. Majaribio yakaanza 1979, na mfumo kamili ukakamilika 1986. Leo watu huenda pale kutazama ndege, na aina zaidi ya 300 zimeshaonekana.

Kinachofaa kuigwa kwa Arcata ni namna walivyobishana. Hawakusema bomba ni baya. Walidai kupima njia nyingine kwa miaka kadhaa, kwa maji yao wenyewe, kabla ya kuingia deni. Kinachosahaulika ni kwamba kinamasi nacho huzeeka: tope hujaa, mimea hushonana, maji hujitafutia mkato. Arcata imelazimika kurudi kwenye ukarabati, na sasa bahari inayopanda inatishia kingo zake. Kinamasi hakihitaji umeme, lakini kinahitaji panga, koleo na fungu la bajeti.

Kwetu utaalamu huu upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakijenga vinamasi vya kutibu majitaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vingi vikiwa vidogo, vya shule na taasisi, vikipandwa matete na mimea jamaa yake. Kwa mji kama Moshi, kinamasi kinafaa kuwa chujio la mwisho kabla ya mto. Bado hakijibu swali la kiangazi: maji yakitoka humo, anayapata nani?

Njia ya tatu: mpunga

Mabogini jibu lilishatolewa na wakulima kabla ya wataalamu. Maji yanayotoka kwenye mabwawa huingia majarubani. Ukiijua historia ya uwanda ule hutashangaa. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika 1987, ulitegemea maji ya mito Rau na Njoro. Mpunga ukastawi kupita matarajio, na kwa sababu hiyohiyo wakulima waliokuwa juu ya banio wakafungua majaruba yao. Maji hayakutosha tena kwa eneo lililopangwa. Katika mazingira hayo, mfereji usiokauka hata Oktoba ni mali.

Tuupime kwa hesabu yetu. Mpunga unatumia kama mita za ujazo 12,000 kwa hekta kwa msimu. Siku 120 za maji yetu ni mita za ujazo 480,000, zinazotosha hekta 40. Ikiwa kila lita ina miligramu 30 za naitrojeni, kiasi cha kawaida kwa maji ya mabwawa, msimu mmoja unaleta tani 14.4 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Mji unapeleka shambani zaidi ya mifuko 600 ya urea bila mkulima kwenda dukani.

Furahi, kisha gawanya. Tani 14.4 kwa hekta 40 ni kilo 360 kwa hekta, wakati mpunga unataka kama 100. Sehemu ya mbolea hiyo hupotea hewani na kwenye tope la jaruba, lakini ziada bado ni kubwa. Mkulima ataiona kabla ya mtaalamu kuipima: majani yanakuwa ya kijani kizito, marefu na laini, upepo mmoja mpunga unalala, ukungu unaingia, na siku ya kupeta, mapepe ni mengi kuliko punje. Jirani yake asiyepata maji hayo ananunua mbolea na kuvuna zaidi.

Dawa yake haimo mtamboni. Imo kwenye mgawo: maji ya mji yachanganywe na ya mto, kadiri ya sehemu moja kwa mbili na nusu, yaenee hekta 140 badala ya 40. Wakulima wengi zaidi wapate mbolea ya kiasi, na wachache wasizame katika utajiri wasiouweza. Hapo mji utahitaji kitu ambacho mhandisi hakichori kwenye ramani: chama cha watumia maji chenye zamu, kikao na faini. Watu wa Kilimanjaro waliendesha mifongo kwa utaratibu huo, kwa hiyo hakuna wa kuja kuwafundisha.

Sasa afya. Mwongozo wa WHO wa 1989 ulitaka maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasizidi yai moja la minyoo kwa lita na bakteria 1,000 wa kinyesi kwa kila mililita 100. Mwongozo wa 2006 ukabadili mtazamo: usalama unaweza kujengwa kwa vizuizi vinavyofuatana, kuanzia bwawani, kwenye uchaguzi wa zao, namna ya kumwagilia, hadi jikoni. Kwa kipimo hicho mpunga ni zao zuri. Unakobolewa na kupikwa. Mlaji yuko salama.

Asiye salama ni anayepandikiza. Anasimama topeni asubuhi hadi mchana, mara nyingi pekupeku, ameinama, mikono majini. Uwanda wa mpunga tayari una kichocho, kwa kuwa konokono wake hupenda mifereji. Katika bonde la Mezquital nchini Mexico, linalomwagiliwa majitaka ya Mexico City kwa zaidi ya miaka 100, watafiti walikuta minyoo mingi zaidi kwa watoto wa familia zinazotumia maji ghafi, na hali kuwa afadhali pale maji yalipotuama kwanza bwawani. Kwa hiyo buti za mpira, dawa za minyoo kwa familia za wakulima, na choo shambani ni sehemu ya mfumo wa majitaka kama lilivyo bomba. Viwekwe kwenye bajeti ya mamlaka. Na mfereji ukipita karibu na bustani za mchicha, ujue maji yatafika kwenye mchicha. Wakati wa kulisema hilo ni mwanzoni, kabla kipindupindu hakijatafutiwa wa kulaumiwa.

Mpunga una kasoro moja isiyorekebishika: unakataa maji. Wiki za mwisho kabla ya kuvuna jaruba hukaushwa, na wakati wa masika mashamba yamejaa mvua. Mji hauachi kuoga kwa sababu mpunga umeiva.

Uamuzi

Kwa mji kama huu, hukumu yangu ni kwamba hakuna njia moja inayotosha, lakini ipo njia ya kwanza na njia ya akiba. Ya kwanza ni mpunga, kwa maji yaliyochanganywa, chini ya mkataba wa maandishi kati ya mamlaka na chama cha wakulima. Ya akiba ni kinamasi kinachomwaga mtoni, kwa miezi ya masika na ya mavuno, wakati mto una uwezo wa kupokea. Njia zote mbili zinafanya kazi umeme ukikatika, na hicho ndicho kipimo nilichokitanguliza mbele ya vingine vyote: mji mdogo uchague njia itakayosimama siku yake mbaya kuliko zote, si ile inayopendeza siku ya uzinduzi.

Kuhusu bei, nashauri maji yasiuzwe, angalau kwa miaka ya mwanzo. Wakulima wanaosafisha mfereji na kuzuia maji yasifike kwenye mboga wanaifanyia mamlaka kazi ambayo ingeilipia. Lakini haki zao ziandikwe. Mkulima aliyetumia maji kwa miaka mingi bila karatasi ataamka siku moja akute yameahidiwa kiwanda.

Ewe diwani utakayeletewa mpango wa aina hii mezani, uliza mambo manne kabla ya kunyanyua mkono. Mto unabaki na lita ngapi mwezi mkavu? Mbolea iliyomo ni kilo ngapi, na inakwenda kwa nani? Nani anasimama ndani ya maji hayo bila viatu? Na nani ataondoa tope mwaka wa kumi, kwa fedha ya fungu gani? Ukikosa jibu la swali hata moja, ahirisha kikao.